Gemu kwenye flashi, kompyuta za shule: nimetumia muhula mzima, haya ndo niliyoyaona

Nianze na hili kabla sijaenda mbali. Watu wakiongelea kucheza gemu kutoka kwenye flashi huwa wanauliza gemu gani inafunguka bila kuinstoli, basi. Kiukweli hilo ni swali dogo. Swali kubwa ni sevu yako, yaani pale ulipofikia kwenye gemu, inakaa wapi. Kompyuta ya shule si yako, leo umekaa namba 4, kesho mwenzio kashaiwahi unahamia namba 11, na mashine nyingi za shule zimewekewa programu kama Deep Freeze ambayo ukizima na kuwasha tu kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa mwanzo, yaani ulichokiandika kwenye diski yake kimefutika chote. Sasa umecheza wiki mbili, umejenga mji, unarudi Jumatatu unakuta patupu. Inauma jamani. Kwa hiyo mimi gemu nazipima kwa kitu hicho hicho: je, dunia yangu inatembea na mimi mfukoni au inabaki kwenye mashine ya watu?

Kabla ya yote, ruhusa. Tuliongea na ticha wa kompyuta, tukamwonyesha kilichomo kwenye flashi folda kwa folda, akakubali tucheze baada ya vipindi na akasema masharti yake. Shule nyingine wamefunga kabisa programu zisifunguke kutoka kwenye flashi, Windows ina kitu kinaitwa AppLocker kinachofanya kazi hiyo, na ukikutana nacho usianze kuhangaika kutafuta njia za kichochoro, nenda kaongee na mhusika. Sisemi hivyo kwa woga, nasema kwa sababu baadaye utaona kuna vitu ambavyo bila huyo mtu haviwezekani hata ufanyeje.

Vifaa sasa. Nilikuwa na flashi mbili, ya zamani ya USB 2.0 ya GB 16 na nyingine ya USB 3.0 ya GB 32. Kwenye makaratasi USB 2.0 mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde na 3.0 inafika gigabiti 5, ila usidanganyike na hizo namba, maana flashi nyingi zinasoma vizuri faili moja kubwa halafu zikipewa mafaili madogo madogo maelfu zinaanza kutambaa kama konokono. Na gemu ndo zilivyo, mapicha madogo, sauti fupi fupi, skripti, kila kimoja faili lake. Kunakili folda ya gemu moja kwenda kwenye ile flashi ya zamani nilienda nikanywa maji nikarudi bado inahesabu. Kitu kingine angalia tundu unalochomeka, kwenye mashine zetu yale ya mbele yote ni ya 2.0 na ya nyuma mawili ndo yana plastiki ya bluu ndani, hayo mara nyingi ndo 3.0. Nilikaa wiki nzima nalaumu flashi mpya kumbe nachomeka mbele.

Kufomati, yaani kuchagua flashi ipange mafaili kwa mfumo gani, nilichagua exFAT badala ya FAT32 au NTFS. FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, ingawa kwa gemu hizi ndogo hutafika huko, na NTFS nayo ukiipeleka kwenye Mac itasoma tu haitaandika. Ubaya wa exFAT ni kwamba haina kumbukumbu ya kuirudisha sawa ikikatishwa katikati ya kuandika, na hilo lilinigharimu, nitafika.

Kwa kupanga gemu nimetumia PortableApps.com. Hii ni menyu ya bure inayokaa kwenye flashi yenyewe, unaifungua unaona programu zako zote kwa orodha, unabofya. Uzuri wake hasa si menyu, ni ule ufundi wa kuigeuza gemu ambayo kwa kawaida ingeandika sevu kwenye Documents ya kompyuta ikaandika kwenye folda ya Data ndani ya flashi. The Battle for Wesnoth ndo mfano mzuri, ukiifungua ile ya kawaida sevu inaenda kwenye mashine, ukifungua ya PortableApps sevu inabaki kwako. Gemu ni ile ile, tofauti ni hapo tu, na hapo ndo kwenye uhai. Nampa nyota zote mtu aliyefikiria hivyo.

Na Wesnoth yenyewe niiseme basi. Ni gemu ya zamu, unapeleka jeshi lako kwenye vibao vya pembe sita, mwenzio anasubiri, halafu yeye anacheza. Picha zake ni za bapa kwa hiyo hata mashine zetu zenye RAM ya GB 4 na grafiksi ya ndani ya Intel zinaibeba bila kulalamika. Kuna namna ya kucheza wawili kwenye kompyuta moja mnapokezana kiti, na kwa shule ambako watu ni wengi kuliko mashine hiyo ni dawa. Kasoro, inachukua muda kufunguka mara ya kwanza, na mtu asiyependa kusoma atachoka maana ina maelezo mengi.

OpenTTD ndo niliyoipenda kuliko nilivyotegemea. Hii ilianza 2004 kama kuitengeneza upya Transport Tycoon Deluxe ya miaka ya 90, unajenga reli, barabara, viwanja vya ndege, unasafirisha makaa na abiria unapata pesa ya kupanua. Ni ndogo sana, inafunguka fasta hata kwenye flashi ya zamani, na bado wanatoa ya 32-bit kwa mashine za kizamani. Ila ina mitego miwili ambayo hakuna aliyeniambia. Wa kwanza, ukiipakua peke yake haina picha, mara ya kwanza inataka kushusha OpenGFX, yaani furushi la picha zake za bure, kutoka intaneti, na kama shule intaneti imebanwa utaangalia skrini tu. Shusha OpenGFX na za sauti ukiwa nje, weka kwenye folda yake ya baseset, maliza kabisa ndo uende nayo. Wa pili, kwa kawaida inaandika sevu kwenye Documents ya kompyuta. Dawa yake ni rahisi mpaka inashangaza, weka faili linaloitwa openttd.cfg kwenye folda ile ile ya gemu, hata likiwa tupu, ikiliona hapo inajua nyumbani ni hapo na sevu zote zinakaa humo humo. Nilipoteza kampuni nzima ya treni ndo nikajua hilo.

SuperTuxKart hii nilitaka niipende. Mbio za vigari, rangi nzuri, wawili mnagawana skrini kwenye kiibodi moja, watoto wa madarasa ya chini wakiiona tu wanajaa nyuma yako. Lakini ni nzito, folda yake ni mamia ya MB, na kwa grafiksi zake nzuri inataka kadi ya picha inayoelewa OpenGL 3.3 (lugha ya kuchorea picha za gemu), mashine zenye kadi za zamani zinashuka kwenye picha za chini au zinakataa. Kwenye flashi ya 2.0 nilisubiri zaidi ya dakika moja mpaka menyu itokee, na kila njia mpya inasubiriwa tena. Ikishapakia inaenda vizuri maana vitu vishaingia kwenye RAM, kwa hiyo tatizo ni kusubiri. Kama una dakika 30 tu za kucheza, 5 kati ya hizo ni za kuangalia mstari unajaa. Kwenye flashi ya 3.0 tundu la nyuma mambo ni tofauti kabisa, hapo naipa 4 kati ya 5, kwenye ile ya zamani 2.

Niliweka na DOSBox, programu ya kufungulia gemu za kizamani za DOS, na ile sehemu ya kwanza ya Doom ya 1993 iliyoachiwa watu bure kuigawa, faili lake kuu ni kama MB 4 tu, inafunguka kabla hujatoa mkono kwenye mausi. Kiufundi haina mpinzani. Ila ticha aliona mapepo na damu akasema hiyo hapana, kuna wadogo humu. Nikaifuta siku hiyo hiyo, na naona alikuwa sahihi.

Sasa Luanti, na hapa nitakaa kidogo. Wengine mnaijua kwa jina la Minetest, walibadilisha jina Oktoba 2024. Ni dunia ya vibloku, unachimba, unajenga, na ile ya zip ya Windows imetengenezwa iweke kila kitu kwenye folda yake, dunia, setingi, mods (nyongeza za gemu), vyote, huhitaji ujanja wowote. Kwa kipimo changu cha sevu hii imepata 5 bila mjadala. Ila mjue kwamba matoleo ya siku hizi ukiyafungua huikuti gemu ya kucheza ndani, unatakiwa uchague na kushusha kwanza, sisi tulichukua VoxeLibre, na tena hiyo ifanye ukiwa na intaneti kabla ya kufika shule. Kwenye mashine zetu ilikuwa inakwamakwama mpaka nilipopunguza umbali wa kuona kwenye setingi, kutoka 190 nikaweka 60, ikatulia.

Tatizo lake kwenye flashi ni hili. Ramani yote ya dunia, vibloku vyote, inakaa kwenye faili moja, map.sqlite, na gemu inaandika mabadiliko humo kila baada ya sekunde 5 na kitu. Kwenye diski ya kawaida husikii kitu. Kwenye flashi ya polepole unatembea, ghafla unaganda nusu sekunde, unatembea, unaganda. Mwanzoni nilidhani ni RAM, kumbe ni flashi inashindwa kumeza. Nilivyohamia ile ya 3.0 kuganda kukapungua sana, hakukuisha lakini kunavumilika.

Na ndo kwenye hiyo hiyo niliumia. Kengele ililia, mwenzangu alikuwa anaikimbilia mashine, nikachomoa flashi gemu ikiwa wazi. Windows ya siku hizi, kuanzia Windows 10 toleo namba 1809, imewekwa kuruhusu kuchomoa haraka bila kubofya chochote, watu wakasikia hivyo wakadhani wakati wowote ni sawa. Si kweli kama kuna programu inaandika muda huo. Nilivyofungua kesho yake dunia ikagoma, faili limeharibika. Kijiji tulichojenga watu wanne kwa wiki tatu. Nilikosa cha kuwaambia, na mmoja alikuwa kajenga ngazi ya mawe kutoka chini mgodini mpaka juu kilimani, kazi ya mikono yake mwenyewe. Tangu hapo natoka kwenye gemu kwanza, nasubiri taa ya flashi itulie, naitoa kwa utaratibu, na kila Ijumaa nanakili folda ya worlds kwenye kompyuta ya nyumbani. Kama hutachukua kitu kingine humu chukua hicho.

Vairasi pia. Flashi inayozunguka kwenye mashine 20 ni kama kikombe kimoja kinachonywewa na darasa zima. Ile ya kujifungua yenyewe ukichomeka, njia iliyotumiwa na kirusi Conficker cha 2008, Windows ilishaizima kwa flashi, lakini ile inayoficha folda zako na kukuachia shotikati bado ipo sana. Flashi yangu ilirudi hivyo mara moja, folda zote zimegeuka shotikati, na ukizibofya ndo unaikaribisha. Folda zilikuwepo zimefichwa tu, nikazirudisha kwa amri ya attrib baada ya kuisafisha kwa antivairasi. Ticha naye nilimwambia mara moja, kwa sababu mashine nyingine za chumba zile zingeambukizwa na kazi za watu zimo.

Nilisema kuna vitu ambavyo bila ruhusa haviwezekani. Tulitaka kucheza Luanti pamoja kwenye mtandao wa chumba, mmoja anafungua dunia wengine wanaingia. Kuingia kwenye dunia ya mwenzio hakuna shida, ila yule anayeifungua, Windows inaleta dirisha la firewall (ulinzi unaozuia mashine nyingine kuingia) linalotaka kibali cha adimini, na akaunti ya mwanafunzi haiwezi kukubali, kwa hiyo wengine wanagonga ukuta. Hapo ticha alikuja mwenyewe akaandika nywila yake kwenye mashine moja, namba 7, akasema hii ndo itakuwa ya kufungulia. Kama tungekuwa tunacheza kwa kujificha hilo tungelipata wapi?

Tulianza dunia mpya kutoka sifuri. Flashi yangu ya 3.0 kwenye namba 7, tundu la nyuma, wengine saba wanaingia na flashi zao zenye gemu tupu, na dakika kumi kabla ya kufunga mtu mmoja anatangaza, wote wanatoka, ndo nachomoa. Yule wa ngazi ya mawe ameijenga tena, safari hii pana zaidi, na kila Ijumaa ndo yeye anayenikumbusha kunakili.