Spika za kompyuta kwa mfuko mdogo: zipi za kununua ukiwa Mombasa

Ukiingia duka la vifaa vya umeme Digo Road au Moi Avenue na kuulizia spika za kompyuta, mara nyingi cha kwanza kuwekwa mbele yako ni wufa: boksi kubwa lenye taa za kumeta, redio, tundu la memori kadi, na namba ya wati elfu kadhaa usoni. Kwa mezani, iache. Imeundwa kujaza sebule, nawe utakaa sentimita 70 kutoka spika. Besi yake huvuma mahali pamoja, ikafunika maneno ya mwimbaji na hatua za adui kwenye gemu. Debe tupu haliachi kuvuma.

Namba ile ya wati isikutie wazimu. Ikiandikwa PMPO, yaani kilele cha kubuni cha matangazo, haina maana yoyote ya kupimika. Tafuta herufi RMS, yaani wati ambazo spika hutoa mfululizo, na usipoziona kwenye boksi wala mgongoni mwa spika, rudisha. Zile za USB unaweza kuzihakiki kwa hesabu papo hapo dukani: tundu la USB 2.0 hutoa volti 5 na ampia 0.5, yaani wati 2.5. USB 3.0 hutoa ampia 0.9, wati 4.5. Spika inayokula umeme wa tundu hilo pekee huku ikidai wati 20 inadai umeme usiokuwepo. Wala usisikitike ukipata wati chache za kweli. Kuongeza wati maradufu huzidisha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, na sikio huhisi sauti imekuwa mara mbili inapofika desibeli 10 hivi, ambazo zataka wati mara kumi. Kwa mtu aliyekaa mezani, wati 4 safi zinatosha.

Linalotofautisha spika hasa ni ukubwa wa koni, yaani sehemu inayotetemeka kutoa sauti. Uzi mzito wa gitaa la besi hutoa mawimbi ya hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), na koni ya inchi 2 haifiki huko hata ikifungiwa amplifaya ya aina gani. Koni ya inchi 4 husogea karibu zaidi na besi hiyo, na ikiwa na twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) ya kando, fidla, ala ya kanuni na sauti ya mwimbaji husikika kila kimoja mahali pake.

Kwa hiyo nambari moja ni Edifier R1280T. Ni ghali kuliko nambari mbili na tatu hapa chini, lakini kama waweza kuweka akiba miezi miwili mitatu, weka. Ina koni za inchi 4, twita za hariri za milimita 13, na wati 42 RMS kwa jumla, 21 kila upande. Vitufe vya besi na vya sauti nyembamba viko ubavuni, hivyo ukisikiliza taarabu unapunguza besi bila kufungua programu yoyote. Nduguye R1280DB huongeza Bluetooth na tundu la optiko (waya unaopitisha sauti kwa mwanga). Lipia tofauti hiyo tu kama utaunganisha na runinga pia. Amplifaya imo ndani ya spika ya kulia, ya kushoto huunganishwa kwa waya mtupu. Menya waya sentimita 1, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ukizipishanisha upande mmoja, spika zitalia, ila besi itapotea na sauti ya mwimbaji haitakaa katikati. Wengi hudhani wameuziwa kitu kibovu, kumbe ni waya mbili.

Nambari mbili, na kwa wenye mfuko mdogo kabisa ndiyo ya kwanza: Creative Pebble V3. Ni matufe mawili yaliyoelekezwa juu kuelekea masikioni, na hapo ndipo ujanja wake ulipo, kwa sababu spika nyingi ndogo hupiga sauti kifuani badala ya usoni. Koni ni inchi 2.25, basi usitarajie milipuko ya filamu ikutikise. Hata hivyo sauti za watu ni safi, na kushoto na kulia hutengana vizuri kwenye gemu. Zaidi ya hayo inakula umeme wa kompyuta: stima zikipotea, laptopu ikiwa na chaji, filamu yaendelea. Pebble ya kwanza na V2 ni za bei ya chini zaidi, ila huchukua umeme kwa USB na sauti kwa waya wa oksi (wenye pini kama ya hedifoni), na njia hizo mbili kwa pamoja huweza kuleta mvumo. V3 hupitisha vyote kwa USB.

Tatu ni Logitech Z333, kwa anayependa filamu kuliko muziki. Boksi lake husema wati 80. Hicho ni kilele, RMS ni 40. Ina kitufe cha mezani chenye tundu la hedifoni. Wufa yake hukaa sakafuni, na kwenye nyumba za ghorofa zenye sakafu ya vigae, jirani wa chini ataisikia kabla yako. Itandikie kipande cha mkeka mnene au povu, besi ishushe hadi robo.

Spika za USB za bei ya chini kabisa, kama Logitech Z120 ya wati 1.2, zinafaa kwa masomo na mikutano ya video. Basi.

Sasa hewa ya bahari. Chumvi na unyevu hula matundu ya oksi na RCA (yale ya plagi nyekundu na nyeupe), yakaanza kukwaruza au upande mmoja kunyamaza. Chomoa na kuchomeka plagi mara kadhaa kila miezi michache, na usiweke spika dirishani panapopiga upepo wa pwani. Kabla ya kununua iliyotumika, bonyeza taratibu kwa kidole ukingo unaozunguka koni. Raba hunyumbuka na kurudi. Povu lililooza hupukutika kama majivu. Geuza pia usome kibandiko cha volti. Mizigo ya mtumba kutoka Japani hutumia volti 100, na ukiichomeka kwenye 240 zetu itaungua papo hapo. Iliyotoka Uingereza au Dubai haina shida hiyo.

Dukani jaribu kwa simu yako na wimbo unaoujua, si wa muuzaji. Anza sauti ikiwa chini kabisa: upande mmoja ukitangulia kulia, kitufe cha sauti hakina usawa, na kwa usikilizaji wa usiku kitakuudhi kila siku. Zungusha kitufe polepole ukisikiliza mkwaruzo. Kisha simamisha wimbo, pandisha sauti hadi kati, tega sikio. Mlio wa "shii" kidogo ni kawaida, mvumo sio.

Mvumo ukija nyumbani, chomoa chaja ya laptopu. Ukinyamaza, tatizo ni mzunguko wa ethi kati ya chaja na spika. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, na ukiendelea, nunua kichujio kidogo kinachoingia katikati ya waya wa oksi. Usikate wala kuondoa pini ya ethi ya plagi, hata fundi akikuambia ni sawa.

Mezani, spika mbili na kichwa chako viunde pembetatu yenye pande sawa, sentimita 60 hadi 80 kila upande, twita usawa wa sikio. Vitabu viwili chini ya kila spika vyatosha. Zisogeze sentimita 15 hivi kutoka ukutani, kwani kuta za mawe huchafua besi, na pazia zito nyuma yako hupunguza mwangwi. Kwa gemu tumia waya. Bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi zaidi ya milisekunde 100. Kwenye filamu programu hulisawazisha hilo. Kwenye gemu utasikia risasi baada ya kuanguka.