Chakula cha vifaranga wa perege na mwatiko: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Vifaranga wangu wa kwanza wa perege niliwalisha mashudu ya nazi na pumba za mchele, kwa sababu muuzaji mmoja wa Chake Chake aliniapia kwamba wafugaji wote ndicho wanachonunua. Walikula kweli. Baada ya wiki sita nikarusha kimia: vichwa vikubwa, miili kama kisu cha kukatia ndimu. Hawakuwa wagonjwa. Matumbo yamejaa, protini hamna.

Kwa hivyo kabla hujauliza bei ya mfuko, piga hesabu hii. Vifaranga 1,000 wa gramu 1 kila mmoja, wote pamoja ni kilo 1. Kuwafikisha gramu 10 ni kuongeza kilo 9. Kwa chakula kizuri, kilo 1.2 hivi hutoa kilo 1 ya samaki, basi umetumia kilo 11, hata nusu ya mfuko wa kilo 25 hujafika. Tuseme hicho kizuri kinakizidi cha hovyo kwa shilingi 3,000 kila kilo: umeongeza shilingi 33,000 tu kwa kipindi chote. Ubahili uweke akiba, utakufaa samaki wakishapita gramu 100, maana huko ndiko chakula kinakomaliza pesa.

Kifaranga wa perege aliye chini ya gramu 1 anataka chakula chenye protini asilimia 40 kwenda juu. Kati ya gramu 1 na 10, asilimia 35 hadi 40. Mkubwa anaridhika na 28 au 30. Mwatiko mchanga naye hayuko mbali na hapo, ila yeye ni samaki wa bahari, anahitaji mafuta ya omega-3 yanayopatikana kwa samaki wenzake. Perege anaendelea vizuri hata na mafuta ya mimea. Na usidanganywe na namba peke yake. Maabara hupima naitrojeni kisha hukisia protini, hivyo asilimia 40 iliyoandikwa haikwambii imetoka wapi. Samaki ana asidi amino 10 (vipande vidogo vinavyojenga protini) ambazo hawezi kujitengenezea, na mashudu ya nazi yana upungufu mkubwa wa lisini, mojawapo ya hizo.

Ninayoiweka ya kwanza ni chenga za kiwandani za kuanzia, zile ndogo kama mchanga wa Nungwi. Zina protini ya kutosha, madini, na vitamini C, ambayo samaki hawezi kuitengeneza mwilini. Akiikosa mgongo hupinda, anakuwa na kibiongo. Vitamini hiyo huharibika upesi kwa joto na unyevu, na visiwa vyetu vyote viwili, Unguja na Pemba, ni joto na unyevu. Kwa hiyo tarehe ya kutengenezwa ina uzito kuliko jina la kampuni. Mfuko uliokaa dukani tangu masika iliyopita uache, hata ukipunguziwa. Mwombe muuzaji afungue, unuse: harufu iwe ya dagaa wakavu. Ukisikia ukali wa mafuta yaliyoharibika, shukuru na uondoke. Kisha tia kiganja kimoja kwenye glasi ya maji. Chenga nzuri zinabaki chenga kwa dakika kadhaa. Mbovu zinageuka uji papo hapo, na uji huo ndio utakaochafua bwawa lako.

Ya pili ni kuchanganya mwenyewe, na hapa Zanzibar tuna bahati ya dagaa. Dagaa wakavu wazuri wana protini asilimia 60 hivi, pumba za mchele 12. Ukitaka 35, chukua sehemu 23 za dagaa na 25 za pumba, yaani karibu nusu kwa nusu. Ukitaka 40, dagaa sehemu 28, pumba 20. Saga iwe unga, chekecha kwa chekeche la unga wa mkate, ongeza mchanganyiko wa vitamini na madini unaouzwa maduka ya mifugo. Tatizo ni dagaa wenyewe. Wengi wa kwetu huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na wakianikwa chini huokota mchanga. Chumvi na mchanga vina uzito na unavilipia kama protini. Onja mmoja, ukikunja uso, tafuta wengine walioanikwa juu ya chanja bila kuchemshwa. Soya pia inafaa kushika nafasi ya sehemu ya dagaa, lakini iliyokaangwa, kwani soya mbichi inazuia umeng'enyaji wa protini.

Funza wa nzi askari weusi (black soldier fly) nawaweka nafasi ya tatu. Protini wanayo, asilimia 40 au zaidi wakikaushwa, lakini mafuta ni mengi na omega-3 ni kidogo. Robo ya chakula sawa, chote hapana, na kwa mwatiko punguza zaidi.

Ya nne ni ujanja wa wengi: kununua chakula cha samaki wakubwa na kukitwanga kinuni. Si dhambi, ila protini ni ile ile ya wakubwa. Kinafaa dharura, boti ikichelewa kuleta mzigo.

Chakula cha kuku sikipendekezi. Cha kuku wa mayai kimejaa chokaa kwa ajili ya maganda, na ndani ya maji hakishikani. Na ya mwisho kabisa ni yale mashudu na pumba zangu, hasa yakiwa na ukungu, kwani sumu ya ukungu huumiza ini la samaki na huwezi kuiondoa kwa kuanika juani.

Kuna kimoja ambacho hakiuzwi: maji ya kijani. Rutubisha bwawa kwa samadi wiki moja kabla ya kutia vifaranga. Chovya mkono mpaka kwenye kiwiko. Kiganja kikianza kupotea ukikaribia kiwiko, yamefika. Vijidudu na mwani mdogo wa humo ni chakula cha kweli, na mwatiko hasa huupenda ule utando wa chini ya bwawa.

Ukishanunua, usiliache gunia sakafuni. Kwangu chenga zinakaa kwenye ndoo yenye kifuniko, juu ya meza, mbali na dirisha, na huchota za siku moja tu. Wadogo nawalisha mara sita kwa siku, kidogo kidogo, na bado wakiniona wanakuja juu kudai.