TAHADHARI: Kipokezi cha Bluetooth chenye antena mbili, muuzaji wake ni tapeli

Ndugu zangu mnaotafuta kifaa cha kuifanya redio ya nyumbani icheze muziki wa simu bila waya, someni hii kabla hamjalipa. Kuna muuzaji mtandaoni anauza kiboksi cheusi chenye antena mbili, taa ya bluu mbele, na maandishi ya dhahabu yanayosema LDAC, aptX HD (majina ya njia za kutuma muziki kwa Bluetooth kwa ubora wa juu) na umbali wa mita 100. Mimi kimenifikia, nimekipima, nimekifungua. Ni kopo tupu. Na kibaya zaidi si kifaa chenyewe, ni yanayoanza ukimwambia akurudishie pesa.

Amplifaya yangu ni ya zamani lakini nzima, na spika zake sijaona sababu ya kuzibadilisha. Haina Bluetooth, ila nyuma ina matundu mekundu na meupe ya RCA. Kwa redio ya namna hiyo unahitaji kipokezi tu: kinanasa muziki wa simu, kinautoa kwa waya, unachomeka kwenye AUX (tundu la kuingizia sauti ya kifaa kingine), basi. Vipo vingi vya kweli na vinafanya kazi vizuri. Ndiyo maana sikuwa na wasiwasi.

Mzigo ulipofika, kabla sijafungua hata gundi ya boksi, meseji ikaingia: "Tafadhali bonyeza umepokea ili dhamana yako ianze." Nikabonyeza. Hapo ndipo nilipoliwa, kwa sababu pesa iliyokuwa imeshikiliwa na mtandao wa mauzo ilimfikia dakika ileile. Hakuna dhamana inayoanza kwa wewe kumwachia mtu pesa yako. Pima kwanza, bonyeza baadaye.

Nikaunganisha. Muziki ukatoka, lakini umefifia, na chini yake kuna mvumo kama wa nyuki. Sikumlaumu muuzaji haraka, kwa sababu zipo sababu mbili za kawaida ambazo si kosa lake. Ya kwanza ni kuchomeka kwenye tundu lililoandikwa PHONO. Hilo ni la sahani za santuri, linakuza sauti mara nyingi na kuzidisha besi, kwa hiyo kipokezi chochote kitakoroma humo. Mimi nilikuwa kwenye AUX, na kicheza CD nilipokichomeka palepale kilitoa sauti safi. Ya pili ni adapta ya chaji, ambayo mara nyingi huleta mvumo. Nikakilisha kwa pawabenki badala ya umeme wa ukutani. Mvumo haukupungua hata kidogo.

Halafu nikaiuliza simu. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana kipimo hiki kinachukua dakika mbili na hakihitaji fundi. Kwenye simu za Android, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, gusa nambari ya muundo mara 7, utafunguliwa chaguo za wasanidi programu. Humo ndani kuna mstari wa kodeki ya sauti ya Bluetooth, yaani njia ya kubana muziki ili usafiri bila waya. Cheza wimbo, kisha angalia imeandikwa nini. Yangu iliandika SBC. Nikajaribu kuchagua LDAC, ikakataa ikarudi SBC. Simu hiyohiyo na hedifoni zangu inaandika LDAC bila ubishi, kwa hiyo tatizo halikuwa simu.

SBC yenyewe si dhambi. Ndiyo kodeki ambayo kila kifaa cha muziki cha Bluetooth lazima kiwe nayo, na ikitengenezwa vizuri inasikilizika. LDAC ni ya Sony na hufika kilobiti 990 kwa sekunde, wakati SBC kwa kawaida huishia kwenye 328. Mtu akikuuzia ya kwanza akakupa ya pili amekuibia, hata kama muziki unacheza. Wenye iPhone mjue kwamba simu zenu hutumia AAC au SBC tu, kwa hiyo kulipia zaidi kwa sababu ya LDAC ni kutupa pesa hata kama kifaa ni halali.

Kipimo cha pili ndicho kilichonikasirisha. Kwenye mipangilio ya ufikivu kuna kitelezi cha kugawa sauti kushoto na kulia. Nikakisukuma chote kushoto. Spika ya kulia ilipaswa kunyamaza kabisa. Ikaendelea kuimba sawasawa na mwenzake.

Nikachukua bisibisi. Antena mbili hazijaunganishwa na kitu chochote: ni plastiki iliyokazwa kwa skrubu kwenye ukuta wa boksi, ndani hakuna waya unaozifikia. Kibao cha umeme ni kidogo kuliko kidole gumba changu, na antena yake halisi ni mchoro wa zigizaga uliochapwa pembeni ya kibao. Kutoka humo unatoka waya mmoja wa sauti. Umechomelewa kwenye tundu jekundu, kisha kipande kifupi cha waya kikavushwa hadi kwenye tundu jeupe. Yaani stereo hamna. Na ule uzito mkononi ulionifanya niamini ni kitu cha maana ni kipande cha chuma kilichogandishwa chini kwa gundi nyeupe.

Kuhusu mita 100: chumba cha pili tu kilikuwa kinakatakata. Matangazo mengi hutegemea jina la Bluetooth 5, lakini umbali ulioongezwa na toleo hilo mwaka 2016 ulihusu Bluetooth ya nishati ndogo, siyo njia ya kawaida inayobeba muziki kwenda kwenye vipokezi kama hivi.

Nikamwandikia. Akawa mpole mno. Akasema nilipie gharama ya kurudisha mzigo, nami nikalipa. Kisha akatuma programu ya kuweka kwenye simu, eti inawasha LDAC na ndiyo itakayorudisha pesa. Programu hiyo haiko kwenye duka la programu la simu, ni faili aliyoituma yeye, na ilipofunguka iliomba ruhusa ya kusoma meseji zangu zote. Kipokezi hakihitaji kusoma meseji. Nikaifuta. Akapiga simu, sauti ya haraka haraka, akasema kuna tarakimu 6 zitaingia, nimsomee ili pesa itoke. Zikaingia kweli, nami nilikuwa nimeshamtajia mbili za kwanza ndipo nilipoona mstari wa juu wa ile meseji: usimpe mtu yeyote namba hii. Nikakata. Akapiga mara nyingine nne, halafu akanifungia.

Sasa akaunti ile haipo. Lakini picha zilezile nimeziona chini ya jina jingine, kwa hiyo msitafute jina, tafuteni picha: kiboksi kiko juu ya meza ya mbao yenye ufa, taa ya bluu inaakisi kwenye ufa huo, na maoni ya wateja yote ni marefu, yanasifu "ufungashaji", na ukiyafuatilia picha zake ni za hedifoni na saa, siyo za kipokezi. Pia ukimwomba video fupi ya nyuma ya kifaa kikicheza, anabadili mada na kukutaka mhamie kwenye meseji za nje ya mtandao wa mauzo. Msihame. Mazungumzo yakibaki ndani, angalau una ushahidi wa kulalamikia.

Ambaye amekwisha kukinunua na hajabonyeza umepokea: usibonyeze. Piga picha ya skrini ikionyesha SBC, rekodi video ya kile kitelezi na spika zote mbili, fungua malalamiko leo kabla muda wa mtandao haujaisha. Aliyeweka ile programu, azime intaneti ya simu, aiondoe, kisha abadilishe nywila zake kwa kutumia simu nyingine. Na kama umeshasoma zile tarakimu zote 6, acha kusoma hapa, ipigie benki yako sasa hivi kwa namba iliyo nyuma ya kadi, siyo namba yoyote aliyokupa yeye.