Miaka yangu miwili katika Chuo Kikuu cha Bayreuth

Nilifika Bayreuth, nchini Ujerumani, mwanzoni mwa Oktoba kuanza shahada ya uzamili, nikiwa na begi moja, koti la kuazima, na dhana kwamba chuo kikuu cha Ulaya sharti kiwe na minara ya mawe ya karne kadhaa. Nilichokikuta ni chuo kilichoanza kufundisha mwaka 1975, majengo yake ya kisasa yakiwa yametawanyika kwenye majani kusini mwa mji na kuitwa kwa herufi na namba tu: NW I, GW II, RW. Kwa mtu aliyezoea kupanda kilima cha Mlimani kwa jasho, wepesi wa kutoka darasani hadi maktaba na kutoka maktaba hadi mezani ulinifurahisha kuliko minara yoyote. Kitivo cha saba tu, kinachoshughulikia chakula, lishe na afya, ndicho kilichowekwa Kulmbach, mji wa jirani.

Niseme la fedha mapema, maana ndilo ninaloulizwa na kila anayenipigia simu kutoka nyumbani. Hiki ni chuo cha umma katika jimbo la Bavaria, na ada ya masomo sikulipa hata senti. Nililipa tu mchango wa kila muhula unaogharimia huduma za wanafunzi. Hata hivyo, neno "bure" lisimpumbaze mtu. Mwombaji wa viza asiye na mfadhili hutakiwa kwanza kuweka fedha za kujikimu katika akaunti maalumu iliyofungwa, na kwa kiwango kilichoanza Septemba 2024 ni yuro 11,904 kwa mwaka, ambazo huachiwa kidogo kidogo, yuro 992 kwa mwezi. Kwa familia nyingi za kwetu safari hukwamia hapo. Tena mtu asidhani kwamba jimbo zima lina utaratibu mmoja: Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich, ambacho nacho ni cha umma, kimeanza kuwatoza ada wanafunzi wapya wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya.

Makazi yalinitesa. Mwenye nyumba mmoja aliniambia kwa simu kwamba chumba kimeshachukuliwa. Mwenzangu Mjerumani alipopiga baada ya dakika kumi, akakaribishwa kwenda kukiona. Ombi la bweni, kwa hiyo, lipelekwe siku ileile barua ya kukubaliwa inapofika.

Darasani nilianza kama mshamba. Ratiba iliandika "10 c.t.", nami saa 4 kamili asubuhi nilikuwa nimeketi peke yangu katika chumba kitupu, nikiamini nimepotea, kumbe herufi hizo ni kifupisho cha Kilatini cha kueleza kwamba kipindi huanza robo saa baadaye. Kipindi kilipokwisha, wanafunzi wote wakaanza kugonga meza kwa konzi. Nilifikiri mhadhiri amewaudhi, kumbe hayo ndiyo makofi yao. Alama nazo zimepinduliwa: 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Nilipomwambia mama kwa furaha kwamba nimepata 1.7, alinyamaza kidogo, kisha akanipa pole.

Jambo lililonichukua muda kulizoea ni kwamba hapa mwanafunzi hafuatwi. Mihadhara mingi haina mahudhurio ya kuitwa majina, na kujisajili kwa mtihani ni juu yako mwenyewe. Mimi nilisahau mtihani mmoja, tarehe ikiwa imetangazwa tangu mwanzo wa muhula, nikausubiri miezi sita. Lakini ukibisha hodi, mlango hufunguliwa: nilimwandikia profesa wangu nikiomba dakika 15 za kujadili tasnifu, tukakaa saa nzima.

Hodi niliyofurahia zaidi kuipiga ni ya upande wa masomo ya Afrika, ingawa sikuwa nimesajiliwa huko. Mjini kuna Iwalewahaus, nyumba ya sanaa ya Kiafrika ya chuo hicho, iliyoanzishwa na Ulli Beier, msomi wa sanaa na fasihi ya Afrika, mwaka 1981. Kuna pia kongamano la Kiswahili ambalo, tangu miaka ya 1980, huwakusanya wataalamu kutoka Ulaya na Afrika Mashariki, na mada nyingi hutolewa kwa Kiswahili chenyewe. Nilikwenda kwa majivuno kidogo, nikijiona mwenye lugha. Wakati wa chai nikaropoka kitu kuhusu "mashule" ya kwetu, na mwanafunzi mmoja wa Kijerumani, kwa adabu kabisa, akaniuliza kama neno shule limehama ngeli. Sikuwa na jibu. Jioni ile nilikwenda maktaba, kwenye rafu za vitabu vya Kiswahili ambazo kwa mwaka mzima nilikuwa nikizipita, nikashusha kitabu cha sarufi.