PowerPoint au Google Slides kwa somo la mtandaoni?

Walimu hawaishi kubishana juu ya hili. Kwa gharama, Google Slides ni bure ukiwa na akaunti ya Google. Faili zinakaa ndani ya GB 15 unazogawana na barua pepe zako. PowerPoint kamili ya kompyuta hulipiwa, ingawa ile ya kwenye kivinjari ni bure.

Kwa somo lenyewe, PowerPoint ya kompyuta inanivutia zaidi. Unarekodi sauti slaidi kwa slaidi, ukikosea unarudia ile moja tu, kisha unatoa video ya MP4 ambayo mwanafunzi ataipakua mara moja na kuitazama hata bando likiisha. Mtandao ukipotea, kazi inaendelea. Slides nayo hufunguka bila intaneti, lakini sharti uiandae mapema, na nani hukumbuka?

Slides hushinda mkiwa wengi: walimu watatu mnahariri faili moja kwa pamoja, inajihifadhi yenyewe, hakuna kutumiana "toleo la mwisho 2" kwa WhatsApp.

Unafundisha peke yako na wanafunzi wana bando la kubahatisha? PowerPoint. Mnaandaa kwa kikundi, mtandao upo? Slides.