Mwanga wa buluu au rangi na mwanga mwekundu: kipi kwa kidonda sugu?

Tuseme mvuvi wa Sahare, Tanga, ana kidonda mguuni chenye bakteria wasiosikia antibiotiki.

Mwanga wa buluu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 405 hadi 415, hauhitaji dawa. Huamsha porofirini, kemikali zinazonyonya mwanga zilizomo ndani ya bakteria wenyewe, nazo huzalisha oksijeni kali inayowaua. Tatizo ni muda na kina: taa ya miliwati 50 kwa sentimita ya mraba huchukua dakika 20 kufikisha dozi ya jouli 60 kwa sentimita ya mraba, na mara nyingi hutakiwa zaidi. Hupenya milimita moja tu hivi. Umeme ukikatika (si ajabu), endelea pale dozi ilipoishia.

Njia ya pili ina kazi zaidi, ila kwa kidonda chenye utando wa bakteria ndiyo bora. Safisha kwa salaini, ondoa usaha na nyama iliyokufa, paka rangi ya methilini bluu, mathalani miligramu 0.1 kwa mililita, kinga kidonda kisipate mwanga kwa dakika 5, kisha washa taa nyekundu ya nanomita 660 hivi ili iamshe rangi hiyo. Rangi hii ina chaji chanya, hivyo hunata hata kwa bakteria wa Gramu hasi, wenye utando wa ziada wa nje. Ikizidi, tabaka la juu humeza mwanga wote na bakteria wa chini hupona; damu iliyobaki hufanya vivyo hivyo. Mguu wenye mzunguko hafifu wa damu hukosa oksijeni, na bila oksijeni mwanga haufanyi kitu.

Miwani ya kinga ni lazima kote kuwili. Homa, wekundu unaopanda au mfupa ulioathirika huhitaji daktari na antibiotiki ya mwili mzima, siku hiyohiyo.