Kitabu cha Papa Julius nilichokipata Malindi, fundi wa chokaa asikiache

Mimi ni fundi wa plasta ya chokaa hapa Lamu. Wiki ilopita nilikuwa Malindi kwa mtoto wa ami yangu, akanipeleka duka moja la vitu vya mtumba, si unajua Wataliano wakirudi kwao wanauza kila kitu, basi ndani ya kasha la vitabu nikakuta hiki, kikubwa kama sinia, mapicha matupu, kinahusu kazi alizoamrisha Papa Julius wa Pili kule Roma kuanzia 1503 hadi alipofariki 1513. Walitaka 1,800, nikabembeleza wakaniachia kwa 1,300.

Maandishi ni Kitaliano lakini ndugu yangu anakiongea kama maji, akanisomea jioni nzima.

Kurasa za dari ya Sistine, lile kanisa la Papa kule Vatikani, ndizo zilonikalisha. Michelangelo alianza 1508 akamaliza 1512, na yule hakuwa mchoraji kwa kazi yake, alikuwa mchonga mawe, ata alikuwa ameshaagiziwa kaburi la huyo huyo Papa na mawe yameshachaguliwa kule Carrara, alafu Papa akageuza shauri. Rangi inapakwa plasta ikiwa mbichi, chokaa ikikauka inaifunga rangi ndani, kwa hivyo unapiga kipande cha kumaliza siku hiyo hiyo tu. Kuna picha moja imevutwa karibu sana, unauona ule mstari mwembamba plasta ya jana inapokutana na ya leo, wallahi nilipitisha kidole juu ya karatasi kama niko ukutani.

Na Gharika ya Nuhu, moja ya picha za mwanzo, iliota ukungu! Akataka kuacha kazi kabisa. Papa akamtuma Sangallo, msanifu wa majengo, akaangalia akaona chokaa ilitiwa maji mengi, akamuonyesha dawa yake. Yani mimi hilo limenipata mara ngapi kwenye nyumba za watu msimu wa kusi.

Na pesa pia. Mwaka 1510 Papa alikwenda zake vitani upande wa Bologna, kazi imesimama, fundi ikabidi amfuate huko huko kudai chake. Kila fundi anayesoma hapa anaelewa.

Sehemu ya kanisa la Mtakatifu Petro imenikera kidogo, kurasa chache mno. Jengo la zamani lilikuwa na zaidi ya miaka 1,000, tangu enzi za Konstantino, mfalme wa Roma ya kale, Papa akaamrisha libomolewe na 1506 akaweka jiwe la kwanza la jipya, na Bramante aliyesimamia akapewa jina la mbomoaji na watu wa Roma wenyewe. Jipya likaja kuwekwa wakfu 1626. Sisi hapa Mji wa Kale ukigusa ukuta wa matumbawe lazima uulizwe, kwa hivyo nilitaka kujua walihifadhi nini, kitabu kinaruka haraka kwenda kwenye kuba.

Chapa ni nzuri, rangi hazijapauka, ila gundi ya mgongoni imeachia na kurasa 4 za mwisho zimeshikana kwa unyevu, kagueni kabla hamjalipa. Nakipa nyota 4. Pale dukani kuna kingine cha vyumba alivyochora Raphael kwa huyo huyo Papa, nimewaambia waniwekee mpaka Jumamosi.